Alipokwenda Kulala Nariokotome

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja na bado alikuwa akikojoa kitandani. Ninaliandika jambo hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima, ameniambia niliandike. Amesema nikiandika habari zetu za Lodwar na kuiacha hiyo, nitakuwa nimeandika habari za watu wengine.

Nyumbani halikuwa jambo kubwa. Lodwar ni mji wa joto, na miezi mingi tulilala nje uani, kila mtu na godoro lake chini ya neti yake. Godoro la binti yangu nililivisha nailoni. Akiamka tunalisimamisha ukutani, shuka tunazianika kwenye kamba, na jua la kwetu halina mchezo: kabla hajamaliza chai, shuka zimekakamaa. Nilikuwa nimempeleka hospitalini. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa wowote, ni mwili tu unaochelewa kujifunza, na kwamba utajifunza siku moja bila kupiga hodi. Nilimwamini. Kazi yangu ni fundi cherehani, na sikuzoea kuogopa kitu ambacho kinahitaji muda tu.

Shida ilianzia Kakuma, Krismasi ya mwaka 2012. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maji kule kambi ya wakimbizi, akipanga chumba Kakuma mjini, na dada yake alikuwa akiishi hatua chache kutoka hapo. Sikukuu hiyo tulikwenda wote. Watoto wakalazwa pamoja uani kwa shangazi yao, juu ya turubai moja, wamepangwa kama samaki wa kukaushwa. Alfajiri maji ya binti yangu yakafuata mteremko wa turubai mpaka kwa binamu yake wa kike, mkubwa kwake kidogo. Yule binamu akaamka, akashika gauni lake, akalinusa, akapaza sauti.

"Kikojozi! Tuna kikojozi hapa!"

Mpaka chai inaiva, watoto wa mtaa mzima walikuwa wamepata habari. Binti yangu hakulia. Alikunja shuka yake, akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori la babake, na hakutoka hapo mpaka tulipoondoka. Tangu siku hiyo alikataa kulala popote isipokuwa kwetu. Hata mazishi ya jamaa yalipotupeleka kijijini, alikesha ameketi.

Muhula wa pili wa 2013, mwalimu wa darasa lake, darasa la sita, alitangaza safari. Wangekwenda Nariokotome, upande wa ziwa, Ijumaa mpaka Jumapili. Wangelala kwenye mahema katika boma la misheni, wangejifunza kupika nje na kusoma nyota, na wangeona mahali ilipopatikana mifupa ya yule mvulana wa kale sana ambaye wazungu huja kutoka mbali kumwulizia. Habari hizo sikuzipata kwa binti yangu. Nilizipata dukani, kwa wazazi walioniletea kaptula za kushona viraka na begi za kubadilisha zipu. Wote walikuwa wakifungasha. Mimi pekee ndiye niliyekuwa sijui kuna safari.

Jioni hiyo nilimkuta akichambua mboga.

"Mbona hukuniambia habari ya Nariokotome?"

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Huko kuna joto."

Nikacheka. "Na hapa Lodwar tunaota moto kwa sababu ya baridi?"

Alitaka kutabasamu, lakini midomo ilikataa. "Mama, ni hema moja na watu wengi. Tutalala tumebanana."

Nikaketi karibu naye, nikachukua fungu la mboga. "Sahau hema kwanza. Kama ungekuwa unalala kama mimi, ungetaka kwenda?"

"Ningeenda mbio."

"Basi utaenda. Kazi ya kulala niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya fundi anayemwambia bibi harusi aje kesho kuchukua gauni, ilhali kitambaa hakijakatwa. Sikuwa na mpango wowote. Lakini nilishaona maishani mwangu kwamba ukianza kupima, mpango huja wenyewe ukikuona una shughuli.

Nilianza kupima. Nilimlaza juu ya meza ya kukatia, nikampima urefu na mabega, naye akacheka kwa kutekenywa na futi. Nilikusudia kumshonea mfuko wa kulalia. Kwa nje ungekuwa wa kaki, kama mfuko wa mtoto yeyote. Ndani ungekuwa na tabaka lisilopitisha maji, na juu ya tabaka hilo kitanda kidogo cha kutoa na kurudisha, cha blanketi kuukuu lililofunikwa kwa leso, kilichoshikwa kwa vifungo. Kikilowa, mtoto anafungua vifungo, anakichomoa, anatia kikavu, na mfuko unarudi kama ulivyokuwa. Kichwani mwangu ulipendeza sana.

Mfuko wa kwanza niliushona kwa kipande cha turubai. Maji haukupitisha, lakini kila alipojigeuza ulitoa kelele kama mtu anayekula bisi kanisani. Aligeuka mara moja, akageuka mara ya pili, akanitazama.

"Mama, hema zima litaamka."

Ilikuwa kweli. Nikaufumua.

Mapumziko ya katikati ya muhula yalipofika, nikamwambia tunakwenda Kakuma kumwona babake na kutafuta kitambaa. Kitambaa usichokipata Lodwar, utakikuta soko la kambini, kwa kuwa watu wa nchi nyingi wanaishi pale na kila mmoja ana anachokipenda. Alisita. Nilimwambia tutalala chumbani kwa babake, si kwa shangazi. Akakubali. Tukapanda basi lililotoka Kitale kuelekea Lokichoggio, tukafika Kakuma tumegeuka rangi ya barabara.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Ukimpa habari, huishika kwanza, akaizungusha kama mtu anayekagua gurudumu. Nilimweleza habari ya safari akiwa anaosha lori, na binti yetu akiwa amekaa juu ya tairi la akiba, akijifanya hasikii. Alimaliza kuosha mlango, akafunga bomba, akaja kuchuchumaa mbele yake.

"Unajua mimi nilisomea bweni," akamwambia.

"Najua."

"Unajua nilikuwa kiongozi wa usafi?"

"Ulituambia."

"Sikuwaambia kwa nini." Akakausha mikono kwenye suruali. "Nilikuwa nakojoa. Mpaka darasa la saba. Kwa hiyo kila siku niliamka kabla ya kengele, nikachota maji, nikaosha bweni lote, sakafu nzima. Sakafu ikiwa na maji kila mahali, nani atajua maji ya nani yalianza? Mwalimu akaona huyu kijana ana bidii. Akanipa uongozi. Nilipewa ukubwa kwa sababu ya mkojo."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo, na tulikuwa tumeoana miaka mingi. Binti yetu alimtazama babake, mtu mrefu mwenye sauti nzito ambaye askari wa vizuizi vya barabarani humwita mzee. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashuka kwenye tairi, na babake naye akacheka, na majirani wakatoa vichwa kuona kuna nini.

Alipotulia akauliza, "Na uliacha vipi?"

"Sijui. Siku moja niliamka mkavu, na kesho yake tena. Hakuna nilichofanya. Lakini sikia." Akawa makini tena. "Hakuna siku niliyokosa kwenda mahali kwa sababu hiyo. Niliamka mapema, basi. Mtu anayeamka mapema ana nafasi ya kupanga mambo yake."

Asubuhi tukaenda soko la kambini. Kuna eneo ambapo akina mama wa Sudan Kusini huuza vitambaa, shuka za kutarizi, na vitu vya nyumba. Mmoja wao alikuwa mwanamke mnene mwenye msalaba wa mbao shingoni na mikono ya mtu asiyejua kukaa bure.

"Salaam taki, mama," nikamsalimu kwa yale maneno machache ya Kiarabu cha Juba niliyokuwa nayo.

"Kwes, kwes. Ejok!" akanijibu kwa Kiturkana, lugha yangu, tukacheka, maana kila mmoja alikuwa amemaliza akiba yake. Tukaingia kwenye Kiswahili.

Nilimwambia nataka kitu kisichopitisha maji, lakini kiwe laini, kisipige kelele. Akafikiri, akainama chini ya meza, akatoa jora la kitambaa cha meza, plastiki kwa juu yenye picha za zabibu, na chini yake flaneli nyeupe kama pamba. Nikakikunjakunja sikioni. Kimya. Nikakivuta. Imara.

"Hii haipitishi maji?" nikauliza.

Alikata kipande, akakishika kama bakuli, akamimina maji ya birika humo, akakiinua juu ya kichwa cha mwanawe aliyekuwa akicheza chini. Mtoto akatazama juu. Hakuna tone.

"Mvua ya kwetu Equatoria hapana pita," akasema kwa fahari. "Iko ya mtoto mdogo? Ile nakojoa?"

Nilifungua mdomo kusema ni ya meza. Nilikuwa nimeshaandaa uongo huo tangu Lodwar, nikaukunja vizuri. Lakini binti yangu akanitangulia.

"Hapana. Ni yangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayechagua viatu. Yule mama akamtazama toka juu mpaka chini, si kwa kushangaa. Alikuwa anampima.

"Wewe iko refu," akasema. "Basi naongeza." Akavuta jora, akaongeza, akakata.

Tulipokuwa tunarudi mjini, binti yangu alibeba kitambaa mwenyewe, kimekunjwa kwapani, zabibu zikionekana. Tulipita mbele ya nyumba ya shangazi yake. Binamu alikuwa nje anasuka nywele za mdogo wake. Akatusalimu, binti yangu akamjibu, tukapita.

Lodwar niliushona mfuko ule kwa jioni mbili tatu, baada ya kazi za wateja. Kaki nje, zabibu ndani, flaneli ikigusana na blanketi. Nilishona vitanda vidogo zaidi ya kimoja ili awe na akiba, na mfuko mwingine wenye kamba, wa kitambaa hichohicho, wa kutilia kilicholowa ili harufu isitoke. Nilishona mshono mara mbili kila mahali maji yangeweza kutafuta njia. Nilipomaliza niliutazama, nikajipongeza. Sijawahi kushona gauni la harusi nililolipenda kiasi kile.

Kisha tukaanza mazoezi. Kushona ni kazi yangu, lakini kuutumia mfuko ilikuwa kazi yake. Mchana, baada ya shule, nilimfunga macho kwa leso, akalala ndani, nami nikisema "Haya!" anajitoa, anafungua vifungo kwa kupapasa, anachomoa kitanda, anakitia mfukoni, anavuta kamba, anarudisha kikavu, anajiingiza. Mara ya kwanza alijifungia mkono ndani ya zipu na tukashindwa kwa kicheko. Baada ya siku kadhaa alikuwa akifanya upesi kuliko ninavyobadilisha uzi. Jirani mmoja alichungulia ukutani, akauliza ni mchezo gani huo. Binti yangu akamjibu, macho bado yamefungwa, "Elimu ya nje!"

Tuliyapanga na mambo mengine. Chai ya jioni kikombe kimoja, tena mapema. Haja ndogo kabla ya kulala, na tena taa zikizimwa. Nguo za kulalia nyeusi. Sabuni ya kipande kwenye kikopo chake.

Likabaki jambo moja, mwalimu. Nilitaka kumwambia. Binti yangu alikataa, nami sikumlazimisha, kwa sababu siri ilikuwa ya mwili wake, si wangu. Lakini wiki ya safari, yule mwalimu alikuja dukani kuchukua sketi yake. Alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa Kitale, mwenye kuongea haraka. Alikuwa akijitazama kiooni binti yangu alipoweka chini kitabu chake.

"Madam, nataka kukuambia kitu."

"Sema, dear."

"Mimi nikilala huwa nakojoa. Nina mfuko wangu, mama amenishonea. Lakini nataka kulala karibu na mlango wa hema."

Mimi nilijifanya natafuta sindano. Mwalimu aligeuka kutoka kiooni.

"Mlango wa kushoto au wa kulia? Zile hema ziko na milango miwili."

"Ule wa karibu na choo."

"Sawa. Na mimi huamka mapema kuwasha moto wa chai. Ukiniona, usiogope, unaweza kuanika vitu vyako nyuma ya jiko. Huko hakuna mtu wa kupita." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, kiuno hiki kinanibana kidogo. Utaachia?"

Nikaachia kiuno. Na mkono wangu ulikuwa mwepesi sana siku hiyo.

Ijumaa asubuhi basi la kukodi lilisimama mbele ya shule, na wazazi wote wa Lodwar walionekana kuwa wazazi wa darasa la sita. Watoto walibeba magodoro yamefungwa kwa kamba, mikeka, mablanketi, mito yenye mauamaua. Binti yangu alikuwa na mfuko wake wa kaki mgongoni, umekunjwa vizuri. Mama mmoja akanigusa bega.

"Huo mfuko umeununua wapi? Nairobi?"

"Nimeushona mwenyewe."

"Nishonee wa kwangu."

"Lete kitambaa," nikamwambia, nikitazama mbele.

Basi likaondoka. Nilirudi dukani nikafanya kazi, na nitasema ukweli: nilifanya kazi vizuri. Mume wangu alipiga simu kutoka Kakuma Jumamosi kuuliza kama nina wasiwasi. Nikamwambia mtoto wake amefungashwa kuliko askari. Akasema, "Mama watoto, najua. Nauliza kama wewe una wasiwasi." Nikamwambia kidogo. Akasema na yeye kidogo.

Jumapili alasiri alishuka kwenye basi ana vumbi mpaka kwenye kope, sauti imekauka kwa kuimba. Tukatembea mpaka nyumbani huku akisimulia, na sikuuliza nilichotaka kuuliza. Alinieleza habari za ziwa, kwamba maji yake ukiyaonja yana ladha ya magadi na upepo wake unaweza kumvua mtu kofia na kuipeleka Ethiopia. Waliona nyayo za mamba kwenye mchanga. Waliona lile eneo la mvulana wa kale, na mtu wa misheni akawaambia kwamba mvulana huyo alikufa akiwa na umri kama wao, akiwa peke yake kando ya kinamasi.

"Ndiyo sababu yule msichana akaogopa," akaongeza.

"Msichana gani?"

Alinitajia msichana ninayemjua vizuri, binti wa askari, mwenye ngumi kuliko wavulana. Usiku wa kwanza upepo wa ziwa ulipoanza kulipiga hema, msichana huyo alianza kutetemeka. Alisema anamsikia yule mvulana akitembea nje. Akaja kwenye mlango wa hema, kwa binti yangu, akamwomba alale naye.

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, njoo, lakini mimi hukojoa."

"Akasemaje?"

"Akasema, sijali, sogea."

Nilisimama katikati ya njia. Yeye aliendelea kutembea, ikabidi nimfuate.

"Na… ukakojoa?"

"Usiku wa kwanza hapana. Usiku wa pili ndiyo." Alisema kama anayetaja mboga waliyokula. "Lakini mkojo haukumfikia. Zile zabibu ziliuzuia wote. Niliamka, nikachomoa, yeye akanishikia tochi. Asubuhi tukaenda wawili nyuma ya jiko tukafua, yeye akashika upande mmoja, mimi upande mmoja, tukakamua. Madam akatupa maji ya moto."

"Na wengine walisema nini?"

"Walikuwa wamelala, mama. Watu wa darasa langu wanakoroma sana."

Tulifika nyumbani. Nilifungua mfuko wa kamba nikakuta kitanda kidogo kimekunjwa kwa unadhifu, kimeshakauka, kina harufu ya sabuni na moshi wa kuni. Hapakuwa na kitu cha kufua. Nilisimama nacho mkononi, nikajihisi kama mtu aliyefika kwenye kazi akakuta imekwisha fanyika.

Mwili wake ulijifunza mwaka uliofuata, jinsi daktari alivyosema, bila kupiga hodi. Siwezi kukumbuka siku yenyewe, na yeye pia hakumbuki. Lakini Jumapili ile ya 2013 naikumbuka vizuri. Aliniachia mizigo yote mlangoni, akanywa maji bila kupumua, na kabla sijamwambia akaoge, binti wa askari alikuwa amesimama langoni akiwa na mpira wa kuchezea kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

"Mama, naenda!"

"Na vumbi lote hilo?"

"Nitaongeza lingine kisha nioge mara moja," akasema, akatoka mbio.